Kinanda cha mabomba: mbona huku kwetu Kanda ya Ziwa hatukisikii?

#1 Mwana Kirumba
Tumsifu Yesu Kristo wakuu. Na wasio wa huku kwetu nawasalimu pia.

Desemba 7, 2024 nilikuwa kwa shemeji yangu Nyakato, tunaangalia kwenye runinga kanisa kuu la Notre-Dame la Paris likifunguliwa upya. Ikafika zamu ya kinanda. Askofu Mkuu Laurent Ulrich akakiita kama anavyoamshwa mtu aliyelala: "Amka, kinanda." Kikajibu. Akakiita tena, kikajibu kwa sauti nyingine kabisa. Mara nane. Hata watoto waliokuwa wanagombania rimoti walitulia.

Kinanda kile kina mabomba karibu 8,000. Moto wa Aprili 15, 2019 ulikula paa na mnara, kinanda kikabaki, ila vumbi la madini ya risasi kutoka paani lilikijaa mpaka ndani. Wakakifungua bomba kwa bomba, wakasafisha, wakarudisha, halafu wakakaa miezi kama sita wanakiweka sawa sauti, tena usiku, kwa sababu mchana kuna kelele za ujenzi. Miezi sita usiku, kwa ajili ya ala ya muziki!

Mimi naimba besi mwaka wa 19 huu. Nimesali parokia nyingi, za mjini na za visiwani. Kote siku niliyofika mimi nilisikia kibodi na spika. Makanisa makubwa tunayo, kwaya tunazo, tena Kanda ya Ziwa kwa kwaya hatuna cha kuomba kwa mtu. Kwa nini hiki kinanda hakikufika kwetu? Naomba wenye kujua.

#2 Nota Nne
Pesa, mkuu. Mods fungeni uzi.

#3 Sato wa Ukerewe
Samahani, kinanda cha mabomba ndiyo kipi? Si ni ile kibodi ukibonyeza sauti ya ogani?

#4 Fundi Mivukuto
@Sato wa Ukerewe ngoja nikueleze, mimi natengeneza kibodi na amplifaya hapa mjini zaidi ya miaka 20.

Kibodi ni kompyuta. Ndani yake imehifadhiwa sauti, ukibonyeza inaletwa, kinacholia ni spika. Kinanda cha mabomba hakina spika. Ni filimbi nyingi zimesimamishwa juu ya sanduku lililojaa upepo. Ukibonyeza kibao, kizibo chini ya filimbi kinafunguka, upepo unapita, filimbi inalia. Ukiachia, inanyamaza. Kila noti ina filimbi yake, na kila aina ya sauti ina safu yake nzima ya filimbi, ndiyo maana hesabu inafika maelfu. Safu unaifungua kwa kuvuta kijiti kilicho pembeni ya mpigaji, kinaitwa rejista. Na miguu nayo ina vibao vyake vya kukanyaga, huko ndiko besi iliko.

Filimbi ya noti ya do ya chini kwenye safu ya kawaida ina urefu wa futi 8, kama mita 2.4. Iko safu ya futi 16, na kwenye vinanda vikubwa ya futi 32, karibu mita 10. Hiyo ni nyumba ya ghorofa tatu. Ndogo kabisa ni kama penseli. Nyingi zinatengenezwa kwa bati na risasi zilizoyeyushwa pamoja, nyingine ni za mbao.

Sauti ya futi 32 unaisikia kifuani kuliko masikioni. Mliosafiri na Mv Victoria kwenda Bukoba, ile honi ya kuaga pale Bandari ya Mwanza Kaskazini, ukiwa umeshika chuma cha ngazi, unaihisi mpaka kwenye kiwiko. Ni hivyo, ila kwa upole.

Upepo siku hizi unatoka kwenye feni ya umeme. Zamani walikuwepo watu nyuma ya ukuta wanakanyaga mivukuto misa nzima, kama Warongo wa Geita walivyovukuta tanuru za chuma.

#5 Sato wa Ukerewe
Nimeelewa. Kumbe ni kama kupuliza chupa ya soda.

#6 Fundi Mivukuto
Sawasawa kabisa. Na chupa yako ni filimbi iliyozibwa upande mmoja. Filimbi iliyozibwa inalia oktavu nzima (do mpaka do) chini kuliko ya wazi yenye urefu uleule. Dari likiwa fupi, fundi anatumia za kuziba, anapata besi ya futi 16 kwa futi 8 tu. Nimejaribu mwenyewe kwa mabomba ya plastiki ya maji, inakubali.

#7 Mjukuu wa Katekista
@Nota Nne pesa siyo jibu lote. Babu yangu alikuwa katekista upande wa Bukumbi, haya mambo nimekua nikiyasikia.

Waangalieni Wamisionari wa Afrika, hawa tunaowaita White Fathers. Walifika Kageye, kusini ya ziwa, mwishoni mwa 1878 wakitokea pwani kwa miguu. Bukumbi wakaanza 1883. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 30 hivi. Sasa niambieni, nani atabeba bomba la futi 16 kutoka Bagamoyo, apite Tabora, mvua yake, jua lake? Reli yenyewe imefika Mwanza 1928. Ndiyo maana walileta harmoniamu, zile za kukanyaga kwa miguu, ambazo nyingine zinakunjwa zinakuwa kama sanduku la nguo. Kufikia reli inakuja, watu wameshazoea harmoniamu, na hakuna aliyeona pengo.

#8 Omutwale
@Mjukuu wa Katekista umesema vizuri ila hapo kwenye reli pana kasoro. Umeangalia reli ya Tabora peke yake. Reli ya Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901, na meli zilikuwa zinazunguka ziwa zima, Bukoba na Mwanza zikiwemo. Kwa hiyo mzigo mzito ulikuwa unafika Mwanza miaka zaidi ya 20 kabla ya reli ya Tabora.

Tena angalia Kigoma. Meli ya Goetzen, hii Liemba ya leo, ilijengwa Papenburg Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande, ikaja ndani ya makasha kama 5,000, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Aliyeleta meli kwa makasha angeshindwa kuleta filimbi? Usafiri unaeleza miaka ya mwanzo tu. Baada ya 1901 tutafute sababu nyingine.

#9 Nota Nne
Wahaya wameingia, sasa tutaambiwa kinanda kilibuniwa Kamachumu.

#10 Omutwale
Hahaha @Nota Nne Kamachumu hapana. Lakini Afrika, ndiyo. Kinanda cha kwanza cha filimbi chenye kusukumiwa upepo alikibuni Ctesibius, fundi wa Alexandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo. Alitumia uzito wa maji kuubana upepo usiyumbe. Kwa hiyo mnaosema "ala ya Wazungu" mpunguze kidogo. Kimezaliwa kwenye bara hili, kwenye mdomo wa mto unaotoka kwenye ziwa letu hapa.

#11 Mwana Kirumba
@Omutwale hii sikuijua, asante sana. Maji ya Nyanza yanatelemka mpaka pale pale. Sasa kikaingiaje kanisani?

#12 Omutwale
Kwa kuchelewa sana. Warumi walikipiga kwenye michezo ya uwanjani, na Kaisari Nero anatajwa kukipenda mno. Wakristo wa mwanzo hawakuwa na hamu na ala iliyosikika kule walikouawa wenzao. Mwaka 757 mfalme wa Konstantinopoli, Konstantino wa Tano, alimtumia Pipini mfalme wa Wafranki kinanda kama zawadi ya kifalme. Kutoka hapo Ulaya Magharibi ikakijua tena, kikaingia kwenye monasteri na makanisa makuu polepole. Uswisi, kwenye basilika ya Valère mjini Sion, kipo cha miaka ya 1430 hivi na bado kinapigwa.

#13 Mama Kipaimara
Wanangu mnazunguka mbali. Sababu ni Mtaguso. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, watu wakaona vinanda vya zamani vimepitwa, zikaja ngoma na kayamba, na waliotaka kuagiza wakaacha. Na si kwamba Mtaguso ulisema hivyo. Konstitusio ya Liturujia ya 1963, namba 120, inasema wazi kinanda cha mabomba kiheshimiwe sana katika Kanisa la Kilatini. Tulisoma harakaharaka, tukabeba tulichokipenda.

#14 Mtemi wa Kisesa
Shikamoo Mama Kipaimara. Kwa heshima zote mama, umeishia katikati ya namba. Hiyohiyo 120 inaendelea kusema ala nyingine zinaruhusiwa kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa la mahali, mradi zifae kwa ibada. Na namba 119, ya juu yake, inazungumzia nchi za misioni: watu wenye muziki wao, muziki huo upewe nafasi katika ibada.

Na kabla ya hapo ilikuwaje? Mwaka 1903 Papa Pio wa Kumi alipiga marufuku piano kanisani, na ngoma na matoazi pamoja nayo. Ngoma! Msukuma umnyang'anye ngoma halafu umwambie amsifu Mungu. Bibi yangu alibatizwa enzi hizo. Alikuwa anasema waliimba Kilatini wakiwa wamesimama kama nguzo, wakitoka nje ndiyo miguu inakumbuka kazi yake.

Nendeni Bujora mwone Padre David Clement alichofanya kuanzia miaka ya 1950: kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na Bulabo, ile sikukuu ya ngoma, makundi mawili ya wachezaji, Wagika na Wagalu, wanashindana kucheza Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Yeye alikuwa Mkanada, angeweza kuomba kinanda kwao. Alichagua ngoma. Kwa hiyo kwangu sababu ni hii: waliotupenda zaidi waliona tunayo ala yetu tayari.

#15 Mama Kipaimara
Marahaba mwanangu. Umenisahihisha vizuri, nimekubali hapo kwenye 120. Lakini Bujora ni moja. Parokia ngapi zina ngoma leo Dominika ya kawaida? Nyingi zina biti ya kibodi inayojipiga yenyewe. Hiyo si ngoma ya Kisukuma wala kinanda cha Mtaguso.

#16 Ng'wana Nyanza
#15 hapo mama umegusa penyewe.

#17 Mwana Kirumba
@Mtemi wa Kisesa mimi sitaki ngoma iondoke, nisieleweke vibaya. Bulabo nimecheza. Ninachotamani ni kitu kinachopumua. Ngoma ni ngozi na mkono wa mtu, kinanda cha mabomba ni upepo. Kibodi yetu Pasaka iliyopita ilizimika umeme ulipokatika katikati ya Utukufu, kanisa zima likabaki linatafuta sauti.

#18 Kaka wa Capri Point
Mmesahau mchwa. Mbao laini za Ulaya, ngozi ya kondoo kwenye mivukuto, gundi ya wanyama, weka hivyo vyote Mwanza miaka 10 uone. Unyevu wa ziwa msimu wa masika, halafu kiangazi mbao inakauka inapasuka. Na wale vijidudu wanaotoka ziwani kama moshi, wakiingia kwenye filimbi nyembamba wakafia humo, nani atawatoa?

Ushahidi ninao. Albert Schweitzer, daktari aliyekwenda Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, alikuwa mpiga kinanda mkubwa kwao. Chama cha Bach cha Paris kilimpa piano yenye vibao vya miguu, wakaipiga bitana ya zinki ndani kwa ajili ya hali ya hewa na mchwa wa tropiki. Waliojua muziki walijua chombo cha kawaida hakitaishi kule.

#19 Dada wa Igoma
@Kaka wa Capri Point na Ufilipino je? Kule ni joto, ni unyevu, ni wadudu, na tufani juu yake. Las Piñas, karibu na Manila, kanisa la Mtakatifu Yosefu, kuna kinanda cha mianzi. Padre Mhispania, Diego Cera, alikianza 1816 akakimaliza 1824. Filimbi 1,031, na 902 kati ya hizo ni mianzi, 129 ndizo za chuma. Inasimuliwa mianzi aliifukia kwanza kwenye mchanga wa pwani kwa muda mrefu ili wadudu wasiipende. Mwaka 1973 kilipelekwa Bonn, Ujerumani, kwa mafundi wa Klais kutengenezwa, kikarudi 1975. Miaka 200 kinalia.

Alichotumia padre ni mianzi iliyokuwa inaota palepale. Hakuagiza. Mimi nikisikia "hali ya hewa" nauliza, mbona huyu aliweza?

#20 Kaka wa Capri Point
Dada umenibana. Lakini jibu limo mlemle kwenye post yako: kiliharibika mpaka kikapelekwa Ujerumani. Sisi nani angetupelekea?

#21 Fundi Mivukuto
Nyote mna sehemu yenu. Niseme kuhusu joto maana watu wanalichanganya. Hewa ikiwa ya moto filimbi inapanda sauti. Nyuzi 10 zikiongezeka, inapanda kama theluthi ya nusu-toni. Hilo siyo tatizo zikipanda zote pamoja. Tatizo ni kwamba kuna safu zenye ulimi wa shaba ndani, kama ulimi wa harmoniamu, hizo hazipandi sawa na wenzake. Hapo ndipo masikio yanauma.

Lakini Mwanza joto letu halibadiliki sana, ziwa linatupoza mchana na kutupasha usiku. Ulaya kanisa baridi linapashwa moto Jumamosi jioni, mbao zinakauka ghafla, zinapasuka. Kwa hilo sisi tuko afadhali kuliko wao. Mchwa ndiyo adui wa kweli. Ila mchwa tunamjua, mbona madawati ya mninga yapo?

Kwangu mimi shida kubwa ni fundi. Kinanda cha mabomba hakikai bila mtu wa kukisikiliza kila mwaka. Ukikileta bila fundi, miaka mitano ni kabati.

#22 Nota Nne
Na fundi analipwa na nini? Narudi palepale #2.

#23 Mlei wa Buhongwa
Jamani Notre-Dame ndicho kinanda kikubwa kuliko vyote duniani, msilinganishe na parokia zetu. Sisi tungehitaji kidogo tu.

#24 Mwanafunzi wa Passau
@Mlei wa Buhongwa hapana. Mimi nilisoma Bavaria miaka miwili, kanisa kuu la Mtakatifu Stefano la Passau lina filimbi 17,974 na rejista 233. Hicho ndicho kikubwa cha makanisa makuu Ulaya. Kuanzia Mei hadi Oktoba kinapigwa adhuhuri, nilikuwa nakwenda nikiwa nimekumbuka nyumbani. Ni vinanda vitano sehemu tofauti za kanisa, vinapigwa na mtu mmoja kutoka meza moja. Kimoja kipo juu ya dari, sauti inashuka kupitia tundu. Mara ya kwanza niligeuka kutafuta inatoka wapi, nikaacha kutafuta, nikakaa.

Na kikubwa kuliko vyote duniani wala hakimo kanisani, kipo ukumbi wa Atlantic City, Marekani, filimbi zaidi ya 33,000.

Kitu kimoja nilichokiona kule na kiliniuma. Kinanda kinanguruma, waumini wanaimba kwa sauti ya chini kama wanaongea. Kanisa la kwetu kigangoni, watu 60 chini ya bati, hakuna hata kayamba, sauti nne zinajipanga zenyewe. Nimewahi kufikiri labda ndiyo sababu: hatukukosa kitu ambacho kinanda kingejaza.

#25 Mwana Kirumba
Hii ya #24 nimeisoma mara tatu.

#26 Mtemi wa Kisesa
Naongezea kwa @Mwanafunzi wa Passau. Kapela ya Sistina yenyewe, kanisa la Papa, kwa karne nyingi waliimba bila ala yoyote. Ndiyo asili ya kuita uimbaji wa namna hiyo "a kapela", yaani kama kwenye kapela. Kwa hiyo kigango chenu kilikuwa kinafuata Roma bila kujua.

#27 Omutwale
Hapo sikubaliani. Kuimba bila ala kwa sababu umechagua, na kuimba bila ala kwa sababu huna, ni vitu viwili. Sistina wangeamua kesho kuleta, wangeleta. Kigango hakina uchaguzi huo. Tusivike umaskini kanzu.

#28 Mwanafunzi wa Passau
@Omutwale nimekuelewa. Ila sauti zile nne ni utajiri pia, nao haukununuliwa.

#29 Alto wa Mkolani
Mimi nina sababu ambayo hamjaitaja: wapigaji. Kwetu mpiga kinanda anajifunza kwa kukaa pembeni ya aliyemtangulia. Hakuna anayetumia miguu kwa sababu kibodi haina vibao vya miguu. Nimepiga miaka 8. Nilipoona video ya mtu anapiga besi kwa visigino na vidole vya miguu huku mikono ina kazi nyingine, nilifunga simu nikaomba. Hata wakituletea kinanda kesho, atakayekaa pale ni nani?

#30 Fundi Mivukuto
@Alto wa Mkolani miguu inafundishika dada. Waliokuwa wanapiga harmoniamu walikuwa wanakanyaga upepo na miguu yote miwili bila kukosa noti.

#31 Ng'wana Nyanza
Nje ya mada kidogo. Kwaresima si kinanda kinatakiwa kinyamaze? Parokia moja niliyosali mwaka huu walipiga biti zote kama harusi.

#32 Mama Kipaimara
Mwanangu, Kwaresima kinanda na ala nyingine ni kwa kusaidia uimbaji tu. Kupiga peke yake hapana, isipokuwa Dominika ya nne, ile ya Furahi, na sherehe na sikukuu. Halafu Alhamisi Kuu ukishaimbwa Utukufu, kengele zinanyamaza mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka, na ala ni za kusaidia uimbaji tu. Nikiwa binti, harmoniamu nayo ilinyamaza kabisa, ule Utukufu wa Mkesha ikirudi tulikuwa tunalia. Siku mbili bila kuisikia, halafu kengele zote na harmoniamu kwa pamoja. Sasa ikiwa Kwaresima nzima umepiga biti, Mkesha utarudisha nini?

#33 Ng'wana Nyanza
Asante mama. Nitampelekea mwalimu wa kwaya hiyo, kwa adabu.

#34 Mzee wa Nansio
Nimesoma uzi wote. Nina miaka 74, nilisoma seminari moja upande wa Bukoba miaka ya 1960. Tulikuwa na harmoniamu kubwa. Padre alikuwa akituambia, hii ni mtoto, mama yake yuko Ulaya. Harmoniamu haina filimbi, ina ndimi za shaba nyembamba kama ukucha, upepo unazitikisa. Nilikuwa mkanyagaji kabla ya kuwa mpigaji. Ukikanyaga kwa hasira inapiga kelele, ukikanyaga kwa uvivu inakata roho. Nilijifunza kupumua nayo.

Kuhusu swali la @Mwana Kirumba nasema nilichokiona. Mapadre wale walipopata fedha kutoka kwao walijenga zahanati na shule na visima. Tuliwahi kumwuliza mmoja kuhusu kinanda kikubwa. Alitazama mlango wa zahanati, hakujibu. Sijui kama mnaita hiyo ni pesa au ni nini.

#35 Nota Nne
Mzee wangu shikamoo. Hiyo siyo pesa niliyokuwa naisema mimi. Nimekuelewa.

#36 Omutwale
Shikamoo mzee. Lakini ruhusu nibishe kidogo. Waliojenga makanisa makuu makubwa ya matofali na mawe kuzunguka ziwa hili hawakusema "zahanati kwanza, kanisa baadaye". Walijenga vyote. Kinanda ndicho kilichoachwa. Bado nauliza kwa nini hicho hasa.

#37 Mzee wa Nansio
Marahaba. Bisha tu, ndiyo faida ya kusoma. Kanisa linaingia watu 1,000. Kinanda kinakaa mtu mmoja. Labda walipiga hesabu hiyo.

#38 Dada wa Igoma
Mzee, na walio 1,000 si wanakisikia?

#39 Mzee wa Nansio
Binti, hapo umenishika.

Niseme jambo jingine. Ile harmoniamu niliyoikanyaga sijui iliko. Lakini parokia moja upande wa Sengerema nimeiona nyingine stoo, nyuma ya meza za karamu, imefunikwa turubai. Miaka miwili iliyopita. Paroko alisema wanataka kuitoa, inachukua nafasi.

#40 Fundi Mivukuto
Mzee, isitolewe! Nitafute inbox. Jumamosi niko huru, daraja la Kigongo–Busisi lipo, siyo kama enzi za kulala foleni ya feri. Nitakuja na vifaa.

#41 Mwana Kirumba
Naomba nije nawe fundi. Nitabeba.

#42 Alto wa Mkolani
Na mimi.

#43 Mwana Kirumba
Mrejesho. Tulifika, tukapokelewa vizuri sana na paroko, asante zake. Mzee wa Nansio alivuka kutoka Ukerewe alfajiri akatukuta palepale.

Turubai lilikuwa limesaidia. Sanduku ni la mbao nzito, mchwa amegusa mguu mmoja tu wa nyuma. Panya wamekula ngozi ya mivukuto yote miwili, imebaki kama karatasi iliyolowa. Fundi alitoa ubao wa mbele, ndimi zikaonekana zimejipanga, za shaba, zimeota kijani. Zipo 61. Alizipuliza moja moja kwa mdomo kupitia mrija, Alto akiwa anaandika kwenye daftari. 47 zimelia. 9 zimeshikwa na kutu, anasema zitasafishika. 5 zimevunjika.

Alipofika kwenye noti ya la ya katikati Mzee akasema "subiri", akaiimbia. Ilikuwa chini kidogo ya yake. Akasema huenda ni yeye aliyepanda.

#44 Sato wa Ukerewe
Weka picha mkuu!

#45 Fundi Mivukuto
Picha zinakuja. Paroko ametupa miezi mitatu, ikilia inabaki kanisani. Sasa shida ni ngozi. Nahitaji ya kondoo, nyembamba, iliyolainishwa, isiyo na tundu, vipande vinne vya urefu wa mkono. Ya mbuzi niliyopata sokoni ni nene, haikunjiki. Nani anamjua mtengeneza ngozi Mwanza au Shinyanga anayefanya ya kondoo?

#46 Mtemi wa Kisesa
Watengeneza ngoma wa Bujora wanajua ngozi kuliko mtu yeyote. Wao huiacha ngumu, lakini kulainisha wanajua. Njoo Jumatano nikupeleke.

#47 Fundi Mivukuto
Nakuja Jumatano. Saa ngapi?

#48 Mtemi wa Kisesa
Saa 3 asubuhi, njia panda ya Kisesa. Njoo na kipimo.